Piga Feto

"Sema ni wewe. Aliyeigusa mwisho ni wewe."

"Na tundu lilikuwa la nani?"

"Tundu gani? Mimi sikuona tundu."

"Ungelionaje, na wewe unamimina huku unachungulia simu?"

Hao ni ndugu, tumbo moja, wananong'onezana kwa hasira nyuma ya tanuri la karakana ya baba yao. Walinong'ona kwa sababu mwenye haki ya kupiga kelele alikuwa uani, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Mama mwenye kantini, mteja wao wa siku zote. Juzi aliipua sufuria kubwa ya maji yanayotokota, sikio moja likang'oka, maji yakammwagikia. Leo kaja na sufuria, na sikio lake kwenye mfuko.

Kazi yao ni kuyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye mchanga itoke sufuria. Anayemimina ni kaka mkubwa. Mdogo, ambaye kila mtu anamwita Msasa, anapokea sufuria ikiwa na ncha na makunyanzi, anaikwangua kwa tupa mpaka inateleza. Kazi hiyo Mzee, baba yao, anaiita feto.

Neno hilo Mzee alilitoa kiwandani ujanani, kwa injinia mmoja mgeni. Ni Kiingereza, ila Kiingereza cha uvunguni, ukienda nalo kwa wasomi watakukodolea macho. Injinia akisema feto, alitaka chuma kilichotoka kwenye mchanga kikwanguliwe. Siku nyingine alitaka sakafu ya tanuri ikandikwe upya kabla ya moto. Na akiamka mzima, hana mafua, alisema yuko feto. Mzee akalibeba lote, akaliongezea na mzigo wake. Mtoto mkaidi alipigwa feto kwa mkanda. Mkewe akinuna alipigwa feto kwa maneno matamu. Na kila asubuhi, kabla hata ya salamu, "Uko feto?" Nawe ujibu, "Niko feto," hata kama homa inakugonganisha meno.

Halafu neno likapata maana nyingine, ya kimyakimya. Kaka alianza kumimina haraka haraka, alumini haijakolea moto, sufuria zikawa zinatoka na vitundu kama jibini. Msasa alimpelekea Mzee moja, akamwonyesha sikio, akasema hii turudishe kwenye moto. Mzee akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu, akatazama gunia la mkaa lilivyosinyaa, akamtuma alete gundi na vumbi la alumini. "Jaza," akasema. "Halafu piga feto."

Msasa akajaza. Alilikwangua na kuling'arisha lile sikio mpaka yeye mwenyewe akawa hajui tundu lilikuwa wapi. Ndilo hilo lililokuja leo kwenye mfuko.

Sasa karakana hiyo ina sheria moja, ya Mzee mwenyewe: sufuria ikirudi, anajibu aliyeigusa mwisho. Sheria nzuri, ukiisikia. Lakini anayegusa mwisho siku zote ni mpiga feto. Kaka hajawahi kujibu kitu tangu azaliwe.

Na Msasa alikuwa anautaka upawa, ule wa kumiminia. Tangu ameacha shule anautolea macho. Anayeshika upawa ndiye fundi, yule mwingine ni mtu wa kufagia vumbi lake. Mzee alishamwahidi kwamba mwezi huu ukiisha, upawa ni wake, na leo ndiyo siku ya mwisho.

Mzee akaja nyuma ya tanuri, akamshika bega.

"Mwanangu, hili jambo tulipige feto kidogo. Mwambie yule mama ulikwangua mno, sikio likabaki jembamba. Akijua tunajaza gundi, hapa tunafunga mlango, mimi na nyie na mama yenu. Upawa wako uko palepale."

Msasa alimwangalia kaka yake. Kaka alikuwa anaangalia viatu.

Akaenda uani. Akachuchumaa mbele ya yule mama, akasema shikamoo, akasema kosa ni lake, alikwangua mno. Maneno yalitoka laini, hayana hata ncha moja. Alikuwa fundi kweli.

Mama hakufoka. Aligeuzageuza lile sikio kwa mkono wake mzima.

"Nikinunua kwa wengine napapasa masikio kwanza," akasema. "Zako sijawahi kupapasa, baba. Nilikuwa najua zimepita kwako."

Akaliweka sikio chini, akaiacha na sufuria, akajikokota kwenda zake. Noti za fidia alizonyooshewa na Mzee mlangoni hakuzigusa.

Msasa akarudi ndani. Tanuri lilikuwa limeshika, alumini inang'aa kama kioo, na upawa uko mkononi mwa Kaka. Msasa akanyoosha mkono.

"Subiri kwanza," akasema Mzee, kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mgonjwa. "Yule mama ana mdomo. Kesho mtaa mzima utasema wewe ndiye uliyemuunguza. Wakuone na upawa, nani atanunua? Acha lipoe."

"Baba, wewe ndiye uliyenituma."

"Najua. Ndiyo maana nasema subiri."

Kaka akacheka puani, akachota, akamimina. Bado haijakolea, Msasa aliiona kwa rangi tu. Pembeni zilimsubiri sufuria za asubuhi, zimepangana na ncha zao. Ya juu kabisa ilikuwa na kitundu kwenye sikio, na kando yake mtu ameshaweka kopo la gundi.

"Usinune, mwanangu," akasema Mzee. "Uko feto?"

Msasa akaiweka tupa yake juu ya kopo. Akageuka, akatoka.