Moshi wa Kabatini

Meneja mpya wa programu za utafiti alikuwa anakunywa chai karakanani, amesimama kwa kuwa kila kiti kilikuwa kimebeba vyuma, fundi alipowasha jiko la kuni na lisitoe moshi. Walikuwa wamelihangaikia kwa miaka. Fundi aliweka kitambaa cheupe juu yake, kikabaki cheupe.

"Usiniulize moshi umekwenda wapi," alisema. "Mimi nimepinda bomba tu."

Meneja alifurahi. Alikuwa ametolewa maabarani juzijuzi, na kusimamia kazi za wenzake kulikuwa bado hakujamkaa mwilini. Kabla hajamaliza chai simu yake ililia. Alikuwa shangazi aliyemlea, aliyekuwa akiishi peke yake upande wa pili wa mji. Alisema kabati lake la nguo linatoa moshi.

"Kuna kinachoungua?"

"Hakuna. Ni moshi tu. Wa kuni, tena mbichi. Kama ni watu wako, waambie wakaushe kuni."

Meneja alikwenda. Aliketi kitandani kwa shangazi, kabati likiwa wazi, akampigia fundi. Fundi alipowasha jiko, moshi ulitoka katikati ya magauni, ukapanda polepole, ukatambaa darini kutafuta dirisha. Alipozima, ukakatika. Walirudia mpaka shangazi akashikwa na kikohozi, akasema jamani, imetosha.

Kesho yake meneja alimweleza mkurugenzi. Mkurugenzi alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai.

"Lengo la programu linasemaje?"

"Jiko lisitoe moshi jikoni."

"Linatoa?"

"Jikoni halitoi."

"Basi limefaulu. Mameneja wapya hujitwisha kila kitu, utazoea. Hilo la kabati ni swali zuri sana la utafiti. Lianzishie programu yake, tutaliangalia awamu ijayo."

"Na mpaka hapo shangazi yangu aendelee kuvuta moshi?"

Mkurugenzi alifikiri kwa dhati. "Hana kabati jingine?"

Kwenye kamati meneja aliomba jiko lisipelekwe hatua inayofuata. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha mtafiti mkuu akazungumzia nyumba walikolijaribu, ambako vichanga sasa vililala usiku kucha bila kubanwa na kifua. Hilo lilikuwa kweli. Meneja mwenyewe aliwahi kumpakata mmojawapo, akasikia pumzi zake zilivyo laini. Mikono iliinuka. Wa kwake ulichelewa, lakini uliinuka.

Majiko yalisambazwa, na moshi ukatafuta makabati mengine. Ulipendelea vyumba vya wazee wanaoishi peke yao, pengine kwa sababu nguo zao si nyingi na nafasi ipo. Mtaani kwa shangazi, kila wakati wa kupika, milango ilifunguka na wazee wakatoka na vigoda, macho mekundu, wakaanza kusalimiana. Waliokuwa hawasemeshani kwa miaka walisogezeana vigoda.

Meneja alimhamishia shangazi nyumbani kwake. Moshi ukahamia kwenye sanduku la shangazi. Baada ya siku chache shangazi aliomba arudishwe kwake.

"Huku nakohoa peke yangu," alisema. "Kule tunapokezana."

Asubuhi moja ya kazi meneja alipita kumjulia hali. Alimkuta kibarazani, amejitanda shuka, amekonda mabega. Shangazi alimuuliza:

"Hao wanaopika, watoto wao wanakohoa?"

"Hawakohoi, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Afadhali," alisema shangazi. Alitaka kuongeza neno, kikohozi kikamwahi, akajishika ukutani.

Meneja alimsugua mgongo mpaka kikapita. Alimletea maji, akafungua madirisha yote ya chumbani, akamwomba jirani amtupie jicho. Kisha akarudi kazini, kwa sababu kulikuwa na ugeni. Wageni walikuwa wamekwishakaa karakanani, na viti safari hii vilikuwa vimefutwa. Mkurugenzi alimtambulisha kama meneja aliyelifikisha jiko kwa wananchi, wakapiga makofi.

Fundi alimwangalia, kisha akampa kiberiti.

Meneja alipanga kuni vizuri, zile kavu zaidi alizoziona, akawasha.