Nzi Wazee wa Daktari Kiama

Katika maabara ya kukodi nyuma ya duka la chakula cha mifugo pale Kitengela, mwaka wa 2004, Daktari Kiama aliamua kwamba ameushinda uzee. Nzi wake wa matunda walikuwa na jeni mbovu iliyowatoboa ubongo kadiri walivyozeeka. Kufikia siku ya arobaini, hata ugonge chupa, hawapandi tena ukutani mwake. Hubaki chini wakitapatapa. Yeye akawalisha uji wenye mzizi alioununua siku ya mnada Kajiado, na siku ya arobaini ilipofika, wakaparamia chupa kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko.

Selpha, fundi wa maabara, hakushangaa. Nzi hutaga kila siku, ndiyo maana wazee huhamishiwa chupa safi kabla wana hawajatoka. Alikuwa akiwahamisha mpaka Daktari alipompiga marufuku, eti anawasumbua wagonjwa. Alipomkumbusha habari ya mayai, aliambiwa wenye diploma wapike uji, kufikiri wawaachie wenye PhD.

Sasa wafadhili walikuwa wamefika, na ripoti ilingoja sahihi ya Selpha. Asipotia, Jumatatu asije.

Daktari akagonga chupa. Nzi wakapanda. Mfadhili mmoja, Bi Nyaguthii, akauliza kwa sauti ya chini kama mamake, aliyesahau hata majina ya wanawe, angeweza kuanza kuunywa mzizi huo wiki hiyo. Daktari akamwahidi gunia.

Hapo Selpha akaweka kalamu chini, akamsogezea mgeni chupa pamoja na kioo cha kukuzia. Siku ya kwanza kabisa alikuwa amewalaza nzi wote mia kwa baridi, akawakata ncha ya bawa la kulia, kama wafugaji wa huko wanavyowatia ng'ombe alama masikioni. Daktari hakuwa amewahi kuinama kuangalia.

"Hawa wanaopanda wana mabawa mazima," Bi Nyaguthii akasema.

"Hao ni wajukuu," Selpha akajibu. "Wenye alama ndio wale wa chini. Hawajapanda tangu Jumanne."

Daktari akakohoa, akasema huenda dawa imeotesha mabawa upya.

Bi Nyaguthii akafunga mkoba wake na kutoka bila kuaga. Selpha akavua koti jeupe, akalitundika msumarini. Daktari akamuuliza ni nani sasa atakayewapikia nzi.

"Mwenye PhD," akasema. "Maji yachemke kwanza, Daktari, ndipo utie unga."