Uso Uliopigwa Msasa

Haya alinisimulia Jesca mwenyewe, likizo hii ya Juni, siku aliyotumwa kwangu kuazima kinu akasahau kilichomleta, akakaa kutwa. Nayasema kama alivyoyasema.

Alikuwa chini ya turubai la babu yake, uani kwao Chang'ombe, kipande cha msasa mkononi, vumbi la mpingo limemjaa mpaka kwenye kope. Ilikuwa siku ya kumi na moja ya likizo. Zile za mwanzo zilikuwa mateso. Televisheni yao ilikuwa imeungua, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Simu ilikuwa moja tu, ya mama yake, Genoveva, nayo ilitoka naye alfajiri kwenda kiwandani. Jesca akacheza mdako peke yake mpaka akaanza kujiibia mwenyewe. Akasoma magazeti yaliyobandikwa ukutani, hata yale yaliyobandikwa kichwa chini. Akafagia ua mara mbili kwa siku, kuku wakamchoka. Mwisho akamwendea babu.

"Babu, naboreka mie."

"Ugonjwa gani huo? Una homa?"

Babu yake, Mzee Kornelio, ni Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago tangu ujana. Alimpa tembo mdogo ambaye hajasuguliwa na vipande vitatu vya msasa, mkali, wa kati na laini, akamwambia kila mkwaruzo atakaouona auondoe, asiache hata mmoja. Jesca akasugua. Asubuhi tembo alikuwa wa kijivu kama jivu la jana. Kufika jioni alikuwa mweusi wa kung'aa, ukimtazama unaliona dirisha ndani ya ubavu wake. Jesca hakuwahi kuona jambo kama lile, weusi uliokuwa umejificha ndani ya mti, unangoja mkono. Akalala naye kitandani, kando ya mto. Toka siku hiyo hakuuliza tena simu iko wapi.

Basi siku hiyo ya kumi na moja tembo wote aliopewa kusugua walikuwa wamekwisha, na babu ametoka mapema kwenda zahanati kwa sababu ya mikono. Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka jana, patasi hashiki tena. Jesca akainama chini ya meza ya kazi kutafuta chochote cha kusugua, akakuta gunia. Ndani ya gunia kichwa cha mwanamke, cha mpingo, kikubwa kama papai, mdomo wa juu umetokeza. Uso wote ulikuwa na mikwaruzo, miembamba kama nywele, mashavuni, kwenye paji, mpaka juu ya pua.

Akamwonea babu huruma. Alijua ni ile mikono. Mzee wa watu kaharibu kazi nzuri, kaona aibu, kaificha guniani. Jesca akaamua kumfurahisha. Akaanza na msasa mkali.

Mzee Kornelio alirudi alasiri. Jesca akamkabidhi kichwa kwa mikono miwili, kinang'aa kama maji. Mzee akapitisha dole gumba shavuni. Dole likaenda, likarudi, likaenda tena.

"Umempeleka wapi?"

"Nani, babu?"

"Mama yangu."

Jesca akasema kulikuwa na mikwaruzo. Akasema, babu, si uliniambia nisiache hata mmoja?

Mzee akakaa juu ya gogo. Kisha akamweleza. Ile haikuwa mikwaruzo, zilikuwa chale. Zamani, huko kwao, wanawake walichanjwa nyuso, na uso wa mtu ulijulikana kwa chale zake. Mama yake alikufa hajapigwa picha hata moja. Kichwa kile alikichonga miaka miwili, kikawa kazi ya mwisho kabla mikono haijamkatalia. Mwezi wa Saba kilikuwa kipelekwe Newala kwenye misa ya kaburi, ili wajukuu ambao hawakumwona wamwone.

Jesca alilia mpaka kwikwi.

"Nyamaza. Kosa langu mie," babu akasema. "Nimekufundisha kazi nusu."

Akatafuta chaki ajaribu kurudisha mistari. Mistari ikatoka imepinda, kama sisimizi waliomwagiwa maji. Tena mashavu aliyakumbuka, lakini paji la uso halikumjia kabisa, maana mama yake alikuwaga na kitambaa kichwani siku zote. Akaweka chaki chini. Akasema kesho watakwenda Tabata, kwa Mauwa.

Mauwa ni dada mkubwa wa babu. Aliolewa na Marijani, mtu wa Lindi, akasilimu, na Mauwa ndilo jina alilochukua. Kila Jesca alipomwona alikuwa ndani ya ushungi ulioshuka mpaka kwenye nyusi, akadhani ni kuona haya kwa wazee. Kumbe watoto wa mtaani kwake walimwita Bibi Zipu, naye akachoka kujibizana nao.

Walipofika Jesca akatoa shikamoo huku anatazama miguu yake. Mzee Kornelio akaeleza yote, Jesca akangoja kusemwa. Bibi Mauwa akacheka mpaka akakohoa. Akasema mama yao hata akiwa hai hakupenda kushikwashikwa uso, huko aliko atakuwa amenuna. Akamfukuza mdogo wake dirishani, kwamba anamzibia mwanga. Kisha akavua ushungi.

Ule uso ulikuwa umelimwa. Matuta madogo yalipanda mashavuni pembe kwa pembe, yakakutana juu ya pua, yakaachana tena, kila moja limepangwa na jenzake kwa nafasi ile ile, na rangi yake ya bluu ya kale, kama wingu la mvua. Uzee ulikuwa umepita na makunyanzi yake, nao haukuweza kuvuruga kitu.

"Funga mdomo, mjukuu wangu, nzi wataingia. Hujawahi kuona mtu?"

"Sijawahi kuona mtu hivi, bibi."

"Basi ona. Mie na mama tulichanjwa na mkono mmoja. Za kwake ndizo zangu."

Akamshika mkono, akauweka shavuni. Akamsimulia jinsi alivyokuwa mdogo kuliko yeye Jesca, jinsi ilivyochukua siku tatu, na mkaa na mafuta ya mbarika waliyompaka kwenye vidonda. Karibu na sikio la kushoto kidole cha Jesca kikakuta mstari uliopinda.

"Hapo nililia," Bibi Mauwa akasema. "Huo usiuchonge. Wangu mwenyewe."

Mzee Kornelio akafungua kitambaa, akampa Jesca kisu chake kidogo. Akamwambia mstari haurudiwi. Msasa ulikuwa umekula uso, akikosea hapakuwa na mti wa kufuta tena.

Jesca akakaa mkekani, kile kinyago katikati ya magoti. Akatazama, akakata. Akatazama, akakata. Vumbi jeusi likawa linadondoka kwenye sketi yake kama unga. Alipomaliza mashavu, babu akakichukua, akafumba macho, akapitisha dole gumba. Safari hii lilikwenda taratibu mpaka sikioni, likakaa. Akasema neno moja la Kimakonde. Jesca hakulijua, lakini Bibi Mauwa aligeuzia uso dirishani. Mzee akamrudishia Jesca kile kichwa, akajilaza kwenye mkeka, na mara akaanza kukoroma.

Likabaki paji. Bibi Mauwa akainamisha kichwa apate mwanga, na Jesca akahesabu mistari sita. Akakata mitano. Alipoinua macho kuutazama wa sita, bibi alikuwa amesinzia kitini, kidevu kifuani. Paji lilikuwa limelegea, ile mikunjo ya kukaza macho imefunguka, na ndani yake palikuwa na mstari wa saba, mwembamba kuliko yote, ambao hauonekani mwenyewe akiwa macho. Jesca akausogelea mpaka pumzi yake ikawa inaugusa. Akakata wa sita. Akapuliza vumbi, akakata wa saba.

Akafunga kisu kwenye kitambaa chake. Nje muuza barafu alikuwa anapita anagonga kengele. Jesca akajilaza pembeni ya mkeka, akakigeuza kile kichwa kimwelekee, wakatazamana hivyo uso kwa uso, mpaka macho yake yakafumba ya kwanza.