Neno Lililokosa "Ya"

Kiberiti alijua anafuatwa tangu walipovuka taa za pili. Pikapu ya kijivu, bampa imepinda upande mmoja. Akipunguza mwendo, nayo inapunguza. Akihamia njia ya kushoto, nayo hiyooo, kushoto! Machale yakamcheza.

"Mama, umefunga mkanda?"

"Mara ya tatu hiyo unaniuliza," akajibu mama yake kutoka kiti cha nyuma. "Na hicho kinachogonga huku nyuma ni nini?"

"Barabara mbovu tu, Mama."

Mbovu gani? Lami yenyewe ilimwagwa juzijuzi, laini kama meza. Lakini macho ya Kiberiti yalikuwa kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na masikio yake yote yako huko huko.

Mama yake alikuwa ametoka kupasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilishakufa zamani, kwa hiyo lililofungwa bandeji ndilo hilo hilo moja la kutegemewa. Daktari alimsimamisha Kiberiti mlangoni akamweleza bila kumung'unya maneno: asiiname, asishtuliwe, asitikiswe. Breki moja ya ghafla, na jicho limekwenda. Kisha akamuuliza, "Wewe unaendesha taratibu?" Kiberiti akasema taratibu kabisa. Mwongo mkubwa! Mtu hapewi jina la Kiberiti kwa upole.

Na pikapu ile aliijua, tena vizuri. Saa moja iliyopita, kwenye maegesho ya hospitali, alikuwa amechuchumaa akibadilisha tairi la nyuma lililopata pancha. Pikapu ikaja, ikakuta njia imezibwa, ikapiga honi. Mara moja, Kiberiti akavumilia. Mara ya pili, damu ikamchemka. Akainuka na spana mkononi, akaliendea boneti la watu na kulipiga kofi, paa!

"Piga honi tena uone!"

"Bwana, mimi naomba njia tu," yule dereva alisema, huku anapandisha kioo chake haraka haraka.

Wakatupiana maneno, au tuseme ukweli, Kiberiti ndiye aliyeyatupa yote. Alikuwa bado hajamaliza kumtukana, muuguzi akatokeza mlangoni kumwita aje amchukue mgonjwa wake. Akashusha jeki, akatupa vyombo ndani ya buti, akakimbilia ndani.

Sasa mtu wa honi huyo, yuko nyuma yake. Amekuja kulipiza, nini kingine?

Mkewe alikuwa amemkanya. Siku ile aliporudi nyumbani na jino mfukoni baada ya kupigana na dereva wa lori, alimkalisha kitako akamwambia: ukifuatwa, usishuke. Funga milango. Usimletee mtu huyo nyumbani kwetu, nenda penye watu. Kiberiti akabonyeza kufuli za milango. Peke yake angeshuka, ya nini kuogopa? Lakini na Mama humu ndani, na jicho lile! Roho ilikuwa juu.

Kwenye taa za tatu pikapu ikaja ubavuni. Dereva akainama upande wao, akanyoosha kidole chini, akapiga kelele. Kiberiti hakutaka kumtazama, ila akamtupia jicho. Kwenye vioo vilivyofungwa sauti ilipita imekatika katika.

"Ta... ri! Ta... ri!"

Tayari! Kiberiti akageuka nyuma. Pikipiki yenye watu wawili ilikuwa imesimama karibu kabisa na buti lake. Ahaa! Kumbe hayuko peke yake. Anawapa wenzake ishara kwamba mambo tayari. Mbele kulikuwa na daraja la juu, na baada ya daraja barabara ni wazi. Hapo angekanyaga mafuta wasimwone hata vumbi.

"Shika kiti, Mama. Nawaacha hawa."

"Kina nani?"

"Majambazi. Yule anawaambia wenzake tayari."

"Hakusema tayari," mama yake akasema. "Amesema tairi."

"Mama, wewe huoni hata..."

"Sioni, ndiyo. Nasikia. Miaka thelathini na moja nimesomesha imla, mwanangu, watoto sitini darasani, nusu yao wanameza silabi. Tayari ina *ya*. Huyo hana *ya*."

Taa ikawa ya kijani. Pikipiki ikawapita na kwenda zake, wala haikuwatazama. Kiberiti akaliona hilo, lakini shaka haikumtoka.

"Hata kama ni tairi! Ndiyo janja yao hiyo. Wanakuonyesha tairi, unashuka, unainama, wanakumaliza."

"Basi usishuke hapa. Nani kakwambia ushuke? Nenda penye watu, polepole, ushukie huko. Kile kinachogonga kimezidi."

Kiberiti akasikiliza kwa mara ya kwanza. Ngo, ngo, ngo. Chini ya kiti cha Mama.

Badala ya kupanda daraja akakunja kushoto, mwendo wa maiti, akaingia kituo cha mafuta kilichojaa magari. Mhudumu aliyekuja na mpira wa mafuta mkononi akalitazama gurudumu la nyuma, akabaki mdomo wazi.

"Loo! Kaka, umefikaje hapa?"

Kiberiti akashuka. Gurudumu lilikuwa limelala upande. Nati tano, zilizobaki mbili, na hizo mbili zilizunguka kwa kidole. Akakumbuka maegesho: alizitia kwa mkono, akainuka na spana kwenda kugombana, hakurudi kuzikaza. Akalitazama daraja, lilivyo juu.

Pikapu nayo ikaingia, ikasimama mbali. Kioo kikashuka vidole viwili tu.

"Nati yako ilinipasulia kioo kule kwenye mzunguko," dereva akasema. "Nikaona na gari linayumba, na umempakia mgonjwa."

"Mbona hushuki?"

"Nishuke? Wewe si ndiye mwenye spana?"

Kiberiti akafungua buti, akaitoa spana, na hapo hapo pikapu ikawashwa. Mtu aliogopa kweli! Kiberiti akaiweka spana chini, akaisukuma kwa mguu hadi karibu na pikapu, akarudi nyuma mikono mitupu. Ndipo yule bwana akashuka. Akaiokota, akatoa ile nati mfukoni, akachuchumaa. Mbili zilizopungua waliazima kwenye magurudumu mengine, moja moja. Akakaza zote tano, akarudia tena kuzipitia.

"Mwanangu," Mama akaita kutoka ndani, "kuna neno hujalisema."

"Samahani," Kiberiti akanong'ona.

"Umemeza. Rudia."

"Sa-ma-ha-ni."

Yule bwana akainuka, akafuta mikono kwenye suruali. Akamtazama Kiberiti kidogo, kisha akamrudishia spana, mpini mbele.