Vyungu vya Mama Zege

Kwa miaka miwili fundi mkuu wa daraja alivumilia kuchekwa. Alipewa kazi ya kujenga kinga mbele ya nguzo mbili za katikati, zile zilizosimama kwenye njia ya meli. Kila kinga ilikuwa duara la nondo na zege, pana kama nyumba ya vyumba vinne, limeshindiliwa mawe, ili meli ikipotea igonge hapo kabla ya kuifikia nguzo. Waliopita juu na magari yao waliona vyungu viwili vikubwa vimeota majini. Basi fundi akaitwa Mama Zege, na jina likaganda.

Mchokozi mkubwa alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Huyu alikuwa rubani wa meli. Kazi yake kupanda meli za wageni na kuziongoza mtoni hadi bandarini.

"Shemeji, supu itaiva lini?" alimwuliza kila walipokutana mezani.

"Siku utakayosinzia kazini."

"Mimi sisinzii."

"Injini husinzia, shemeji."

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Mama Zege na vijana wake wawili walikuwa juu ya chungu cha kwanza wakipaka rangi ya njano. Redio kiunoni mwake ikakoroma.

"Daraja, daraja! Injini imezima, usukani haushiki! Nina meli ya ngano, maji yanatusukuma kwenu. Fungeni barabara!"

Ilikuwa sauti ya shemeji yake, ila haikuwa na utani hata chembe.

Mama Zege alitupa brashi. Wakateremka ngazi mbiombio, wakaruka kwenye boti, kijana mmoja akawasha mashine. Kule juu, vizuizi vilishuka pande zote mbili na walinzi wakawa wanahimiza magari yatoke darajani. Lori la kuku lilizimika katikati. Abiria wa gari la nyuma wakashuka, wakalisukuma huku kuku wakipiga kelele kuliko wao.

"Shemeji, unanisikia?" redio iliuliza. "Nikitupa nanga naweza kugeuza pua kidogo. Nielekee wapi?"

"Chungu cha kwanza. Kiguse kwa ubavu, usikivae uso kwa uso."



"Kitahimili?"

Mama Zege alikitazama chungu chake. Hesabu alizipiga mara saba, lakini hesabu haijawahi kugongwa na meli.

"Nilikijenga kwa ajili yako," alisema. "Njoo."

Nanga ikaanguka, mnyororo ukanguruma. Meli ikajivuta upande, polepole, kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini, kisha ubavu wake ukajikwaruza kwenye zege kwa mlio uliowafanya wote wazibe masikio. Cheche zikaruka. Mawe yakaporomoka majini. Meli ikatikisika, ikageuka, ikakwama kwenye matope, imetulia tuli.

Nguzo ya daraja haikuguswa. Juu, watu walipiga vigelegele hadi wakasahau kwamba barabara bado imefungwa.

Boti ilipofika ubavuni mwa meli, rubani aliteremka ngazi ya kamba. Alimtazama Mama Zege, akamkumbatia na rangi yake yote ya njano.

"Shemeji," alinong'ona, "dada yako asijue kwamba nimelia."

"Redio ulikuwa hujaifunga. Bandari nzima imesikia."

Walicheka mpaka boti ikayumba. Mama Zege aligeuka kuutazama ufa mrefu kwenye zege, akauonea uchungu na fahari kwa pamoja. Kuuziba kungemchukua mwezi mzima.

Boti ilipofika bandarini, dada yake alikuwa tayari gatini, kandambili mguu mmoja, kiatu mguu mwingine. Akawapita walinzi, akampita na mumewe, akamrukia mdogo wake shingoni akilia na kucheka. Rubani alisimama pembeni, kofia mkononi, akingoja zamu yake.