Mlango wa Kwanza Huwa Wazi

Muuzaji wa duka la pale kona hajawahi kukosea kumchagulia mtu sanduku lake la kwanza. Kitu kikitoka mikononi mwake, anajua kinakwenda kukaa wapi na kufanya kazi gani. Sifa kama hizi kwa kawaida mtu huwaachia wenzake wazitaje, lakini wenzake wana shughuli zao, kwa hiyo inabidi zitajwe hapa.

Duka lina pande mbili. Kulia kuna misumari, bawaba, kufuli na makopo ya rangi, vile vile vilivyokuwepo tangu enzi za shangazi yake. Upande huo mtu hununua na kuondoka bila kuulizwa kitu. Kushoto kuna michezo ya mezani, ile ambayo watu huketi na kujifanya askari, waganga na wadokozi. Mmoja wao huwa msimulizi: anawaambia wako wapi na wanaona nini. Wengine wanasema watafanya nini, kisha dadu zinaamua kama wameweza. Katikati ya pande hizo mbili kuna meza na viti, na hapo ndipo penye sharti la duka. Sanduku la wanaoanza haliuzwi mpaka wanunuzi wakae wacheze chumba cha kwanza cha mchezo, kwa sababu kuna watu wengi waliokwenda nyumbani na joka zuri la kwenye kifuniko na sanduku halijafunguliwa mpaka leo.

Jumamosi moja, jua likianza kulegea, waliingia watu watatu. Mbele alikuwa Mama, mwenye kitenge kilichofungwa kama anayekwenda kudai haki yake. Nyuma yake binti yake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Wa mwisho alikuwa Baba, ambaye alisikika kabla hajaonekana, kwa kuwa kiunoni alining'iniza shada la funguo.

"Nimesikia kuna mchezo watu wanakaa meza moja na ni lazima waongee," Mama alisema.

"Upo, mama."

"Na asiyeongea?"

"Anafia pangoni."

"Basi nipe huo. Kwangu watu wanakula kama wapangaji. Kila mtu na sahani yake, uso ukutani."

Walikuwa hivyo tangu msiba. Kifungua mimba wao, kijana mrefu aliyeitwa Mnara, alikuwa ameungua pamoja na wenzake wa zamu ya usiku katika kiwanda cha kushona sare, ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa msimamizi wa kiwanda hicho na bado ni msimamizi. Watu waliambiwa kwamba mlango wa nyuma ulikwama kwa joto. Mashine ya Mnara ilikuwa imesafishwa, na Jumatatu inayofuata Sindano angeanza kuishonea yeye. Nyumba ilihitaji mshahara wa pili, na hakuna aliyebisha, maana kubisha nako ni kuongea.

Muuzaji aliwatazama kwa jicho la kitaalamu, akashusha sanduku kubwa kuliko yote. Lilikuwa na joka jekundu, ramani tano, na kitabu cha sheria kinene kama tofali. Mama alikifungua kitabu, akasoma ukurasa mzima kuhusu namna ya kumtengeneza mhusika wako, akauliza mtihani ni lini.

Hilo halikuwa kosa. Muuzaji alikuwa anawapima.

Akashusha la pili, dogo, lenye kijitabu chembamba. Humo wahusika huwa tayari, kila mmoja na kadi yake inayosema ana nguvu gani na amebeba nini, mchezaji anaanza papo hapo. Lilikuwa la watu watatu: wachezaji wawili na msimulizi. Baba alikichukua kijitabu cha msimulizi bila kuulizwa.

"Mimi nimezoea kuwaambia watu pa kwenda," alisema.

"Hiyo kweli," Sindano alisema. "Pa kwenda tu. Pa kutokea hujawahi."

Mama akachukua kadi ya askari mwenye shoka. Sindano akachukua ya mdokozi. Baba akavaa miwani, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti ya kusomea matangazo ya kazini. "Mko katika chumba cha mawe. Mbele yenu kuna mlango. Mlango umefungwa kwa nje."

Muuzaji alikuwa anapanga makopo, akasita. Kila sanduku la wanaoanza, litoke kwa nani au wapi, hufuata kawaida moja: mlango wa kwanza huwa wazi. Mtu mgeni akikwama mlangoni hukata tamaa, hurudisha sanduku, na hurudi na maneno. Akadhani labda wachapaji wamebadilisha, akaendelea na makopo.

Ndipo Mnara akaingia. Aliinama ili kichwa kisigonge kizingiti, kama alivyokuwa akiinama kila mahali. Alikuwa bado na ovaroli ya kazini, na masizi yalikuwa yamemshika mpaka kwenye kope.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba."

"Marahaba. Futa miguu," Mama alisema.

Akafuta miguu. Muuzaji alitandika gazeti la zamani kwenye kiti ili masizi yasiingie kwenye kitambaa, akamwomba asishike vifuniko vya masanduku, kwa maana vinang'aa na doa halitoki. Mnara alisema hakuna shida. Alikaa, akatafuta kadi yake, akakuta hakuna. Akabaki mikono mapajani kama mgeni aliyefika sufuria imeshapakuliwa.

Muuzaji alikuwa amehesabu walio hai tu, na ni kosa la wauzaji wengi. Alilirudisha sanduku la pili rafu yake, akashusha la tatu. Hili lilikuwa na wachezaji wanne na msimulizi wao, dadu za kumtosha kila mtu bila kupokezana, kijitabu chepesi, na safari inayokwisha jioni moja ikiwa watu hawatapoteza muda. Mama na Sindano wakarudia kadi zao za askari na mdokozi. Mnara alichagua mganga, ambaye kwa kawaida hakuna anayemtaka, kwa kuwa kazi yake ni kuwaponya wengine. Kadi ya nne ilibaki mezani.

Mnara alipozishika dadu, zililegea kiganjani kama pipi juani. Muuzaji akaomba radhi kwamba ni za plastiki.

Baba akasoma tena. "Mko katika chumba cha mawe. Mbele yenu kuna mlango. Mlango umefungwa kwa nje."

Mnara akainamia mkono wa baba yake. Kwa urefu wake hakuhitaji kusimama. "Baba, hapa pameandikwa uko wazi."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. "Mlango umefungwa kwa nje," alisoma.

Sindano akakichukua kijitabu. "Mlango uko wazi, na upepo wa baridi unaingia," alisoma, kisha akakirudisha, kidole chake kikiwa chini ya mstari wenyewe. Baba alifuata kidole neno kwa neno, midomo ikitangulia sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Umefungwa," alisema. "Kwa nje."

Hakuwa anafanya ukaidi. Muuzaji, ambaye amewaona wakaidi wa kila aina, alisimama nyuma yake na kuliona jasho likimtoka shingoni. Maandishi yalikuwa pale pale na macho yake yalikuwa mazima, ila hayakuwa na mlango mwingine wa kusoma.

Mama aliiweka chini kadi yake. "Ulituambia ulikwama kwa joto."

"Ulikwama."

"Soma."

"Umefungwa kwa nje."

"Soma tena, baba watoto."

Alisoma tena. Funguo kiunoni zililia, naye hakuwa amejitikisa. Zilikuwa funguo za kawaida: ya geti, ya stoo, ya ofisi, na moja fupi nyeusi ambayo haikuwa tena na kufuli lake, kwa kuwa kufuli lenyewe lilikatwa na zimamoto asubuhi ya ule moto.

"Na Jumatatu?" Sindano aliuliza. "Nikishakaa pale kwenye mashine, utaufunga?"

"Majora ya vitambaa yanaibiwa, mwanangu. Amri si yangu."

"Sijauliza amri ya nani. Nimeuliza nani anafunga."

Baba alikikunja kijitabu, akakikunjua. Alimtazama Mnara, na Mnara alikuwa anatazama kadi yake, pale palipoandikwa kwamba mganga anaweza kutuliza moto mmoja kwa siku.

"Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi," Baba alisema. "Usichelewe."

Kisha Mnara akasema, "Tuendelee. Mama, wewe si una shoka?"

Mama alisema anaupiga mlango kwa shoka. Dadu zikaanguka vizuri, na Baba akasema haujavunjika. Sindano alisema anaufungua kwa waya wake wa kidokozi. Baba akasema kwa ndani hakuna tundu la ufunguo. Mama akapiga tena. Mnara aliwaambia ndivyo ilivyokuwa hasa, na kwamba mwenzake mmoja alijaribu kwa mguu wa mashine. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anawaelekeza jinsi ya kucheza. Mama alimuuliza kama ilichukua muda mrefu, na yeye akajibu kwamba haikuchukua, kwa haraka ile aliyokuwa akitumia alipoulizwa kama ameshakula.

Walikuwa bado katika chumba cha kwanza muuzaji alipoanza kushusha mapazia.

"Tutachukua hili," Mama alisema. "Watu wameongea."

Mnara aliaga kwanza, akainama, akapita. Mama na Sindano wakatoka kumsindikiza mpaka kona. Baba alibaki nyuma kulipa, kisha naye akatoka na mfuko akamkabidhi Sindano. Waliondoka, Sindano akiubadilisha mfuko mkono mara kwa mara, wakapotelea gizani. Muuzaji akafunga duka akiwa ameridhika, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Jumatatu Sindano alikaa kwenye mashine ya kaka yake. Kengele ilipolia, mlango wa nyuma ulivutwa, na kufuli likalia kwa nje. Lilikuwa jipya, kubwa kuliko la kwanza, linang'aa. Wenzake hawakuinua vichwa. Naye alitia uzi, akaanza na mikono ya mashati, maana mikono ndiyo hupewa mgeni.

Mchezo nao unaendelea. Kila Jumamosi jioni wanakaa meza moja, Mama anatandika kanga chakavu kwenye kiti cha Mnara, naye anafika, anafuta miguu, anaulizia habari za kiwandani. Wanataniana. Sindano amemwambia kaka yake kwamba ndiye marehemu pekee anayechelewa, na Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kadi ya nne waliiegemeza kwenye bakuli la chumvi, na kila mtu anajua inamngoja atakayefuata kuja na masizi. Baba hakosi hata siku moja. Anavaa miwani, anasoma. Mpaka leo hawajatoka chumba cha kwanza.

Hadithi hii muuzaji humsimulia kila mteja anayekuja kuchagua sanduku la kwanza, ili ajifunze kuhesabu viti vyake vyote kabla hajachagua. Leo mchana walikuwa wakisimuliwa mume na mke, vijana, waliokaa mezani na sanduku la tatu mbele yao. Mke alikuwa ameshatoa kitambaa cha kufutia macho. Hadithi ilipofika hapo kwenye bakuli la chumvi, mtu aliyekuwa amesimama upande wa misumari akapiga makofi polepole.

Alikuwa Sindano, na nyuzi za buluu zilikuwa zimemganda kwenye sketi. Ilikuwa saa ya chakula.

"Umesimulia vizuri," alisema. "Nimefuata dadu, Mnara kaziyeyusha zote. Ila nikuulize. Huyu muuzaji asiyekosea, unayemsifu kama mkwe, si ni wewe?"

Mume akacheka. Mke naye akacheka, ndani ya kitambaa.

"Na ule mfuko niliubeba mimi," Sindano alisema. "Ulikuwa na vitu viwili. Kimoja umewaambia."

Mke aliacha kucheka kwanza. Macho yake yalivuka meza, yakaenda kulia, kwenye misumari, kwenye bawaba, kisha ukutani, kwenye safu ya ndoano zenye kufuli, makubwa juu, madogo chini. Katika safu ya juu ndoano moja ilikuwa tupu. Sikuwa nimewahi kuijazia.

"Upande ule," nilisema, "huwa hatumuulizi mteja anakwenda kufunga nini."

"Si ulisema unajua kila kitu chako kinakokwenda kukaa?"

Mume alilisogeza sanduku kidogo, mbali naye. Nilifungua droo, nikamuuliza Sindano anataka dadu za rangi gani.

"Yoyote," alisema, akitazama saa ukutani. "Ila fanya haraka. Baba anakaribia kufunga."