Karatasi ya Ubao wa Vijiti

Mwaka wa 1973 kiwanda chetu cha chai, huku juu ya Kaplong, kililetewa ubao wa matundu na vijiti. Ukichomeka vijiti kwa mpango wake, mashine zinafuatana zenyewe. Meneja aliniagiza mimi, Wilkista, karani mwenye cheti cha Fomu Foo, nichore mwongozo wa picha, kwa sababu wengi kiwandani hawakujua kusoma.

Nikachora picha sita, tatu juu na tatu chini. Juu: feni za kunyausha majani, mashine ya kukata, feni ya kikaushio. Chini: moto, trei za majani, kuzima. Namba sikuweka. Nani asiyejua kwamba tunaanzia kushoto?

Mokaya, msimamizi wa kikaushio kwa miaka kumi na minne, aliitazama karatasi yangu kama mtu aliyepakuliwa mboga zilizolala. Akauliza mbona haianzi na shida inayomfanya mtu aikimbilie karatasi, kwa mfano moshi ukitokea. Nikamjibu asubiri aulizwe. Sikumpenda hata kidogo, tangu aliponiita msichana mbele ya wachuma chai.

Jumatatu alichomeka vijiti huku akiifuata karatasi, lakini aliisoma kwa kushuka, picha ya juu kisha ya chini yake. Moto ukawaka mapema, majani yakaingia kwenye trei, na feni ya kikaushio bado imelala. Chai ya asubuhi nzima ikaungua, trei nazo zikapinda.

Tuliitwa ofisini sote wawili. Mokaya alisimama wima, mikono nyuma.

"Hapa majani inaanza juu darini, inashuka mpaka chini," alisema. "Mimi nimesoma vile chai inaenda."

Meneja akanigeukia, akataka kujua kama mtu anaweza kukosea akiisoma karatasi ile. Niliona kosa langu palepale, peupe kabisa. Namba sita tu zingetosha.

"Mtu makini hawezi," nikasema.

Mokaya akaachishwa kazi. Nyumba ya kampuni alitakiwa kuihama kabla ya Jumamosi, yeye, mkewe Bitutu na watoto wanne.

Ijumaa alikuja kurudisha ovaroli. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na majibu yangu makali nilikuwa nayo tayari. Aliikunja vizuri, akaiweka mezani kwangu.

"Karani, kuzima umeweka mwisho," alisema. "Mkono wa mtu ukinaswa na mashine, mwenzake hatakuwa na wakati wa kutafuta huko chini. Weka juu."

Akaondoka. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa sahihi, na nilijichukia pia.

Nikachora upya: kuzima juu kabisa, kisha moshi na dawa yake, kisha hatua zote zikishuka moja moja. Ondieki, aliyechukua nafasi ya Mokaya, aliielewa kabla ya chai ya saa nne. Meneja akanisifu mbele ya watu wote, akasema hiyo ndiyo faida ya kusoma.

Nikasema asante. Jina la Mokaya lilinifika mdomoni, nikalimeza.